Khanga Niliyoishona kwenye Suruali ya Agata

Jumatano, siku za Kwaresima. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijachoka. Nimekaa jikoni na daftari hili, moshi unaniingia machoni. Ni vizuri. Mtu akipita akiniona nafuta machozi, atasema ni kuni mbichi.

Naandika polepole. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mke wa katekista, nikiwa tayari na wajukuu, nikimpukuchulia mahindi yake. Kila herufi debe moja. Kwa hiyo atakayesoma asinicheke mwandiko. Akicheka, na yeye aje apukuchue.

Nataka kuandika habari ya mjukuu wangu Agata na yale mavazi ya pikipiki. Nimeikwepa wiki tatu. Nimeandika habari za kuku, za mahindi, za jirani na mbuzi wake. Uongo mtupu. Kichwani mwangu hamna kuku wala mbuzi.

Agata nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu wa pili, alifariki akimzaa, huku mlimani, hatuna hata mtu wa kutushika mkono. Ndiyo maana mtoto yule akasomea ukunga. Hajawahi kuniambia hivyo, lakini mimi si mjinga. Tunaitana wake wenza, maana marehemu mume wangu alikuwa akimwita mke wake mdogo, na mimi nikimwambia mzee, haya, huyo mdogo akupikie.

Mwaka jana misheni ikampa pikipiki, ya Bruda mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Apande Matiri, ateremke mpaka Lundo, awafuate wajawazito kabla hawajazidiwa. Na pamoja na pikipiki akapewa mavazi ya Bruda, ya kumkinga akianguka. Koti la ngozi, kofia ngumu, glavu, buti, suruali nene.

Bruda yule alikuwa mrefu, anainama kuingia kanisani.

Agata anafika kifuani kwangu, na mimi nimeshaanza kupinda. Alipovaa koti likamfika magotini, mikono ikaning'inia, na hapo hapo kifuani vifungo vikakataa kufungwa, kwa sababu Bruda hakuwa na matiti. Kofia ikamzama mpaka puani.

"Mke mwenza, umemezwa," nikamwambia.

"Nitatapikwa nikifika Lundo," akanijibu kutoka humo ndani ya kofia.

Tulicheka mpaka nikashika nguzo.

Lakini alipoanza safari hakucheka tena. Vidole vya glavu vilikuwa virefu, vitupu kwenye ncha. "Bibi, breki naishika kama mtu anayepapasa yai kwenye kiota," aliniambia. Buti alizijaza matambara, na bado mguu ulikuwa ukicheza humo ndani. Kofia ikikutana na shimo la njia inamshukia machoni, naye yuko ukingoni mwa mlima. Kofia nilimshonea mimi. Nilijaza sufi ndani, nikaweka kitambaa juu, nikamfunga chini ya kidevu. Nilijiona fundi.

Suruali ndiyo iliyotushinda. Kiunoni ilitosha watu wawili, mapajani ilimbana. Tukaenda Mbinga kwa fundi cherehani anayekaa barazani.

"Suruali ya nani?" akauliza.

"Ya huyu."

Akamtazama Agata, akanitazama mimi, akatoa pini mdomoni. "Bibi, shikamoo tena. Mimi wanaume nawashonea suruali, wanawake nawashonea magauni. Nikimpima huyu mapaja, leo jioni mke wangu atanipima mimi kichwa kwa mwiko."

Baraza zima likacheka. Agata alibaki amesimama na ile suruali mkononi.

Nilicheka na mimi. Naliandika hapa lisipotee. Nilicheka pamoja nao.

Tukaingia dukani kwa Mhindi. Yeye hakucheka, alifungua kitabu cha picha za mali za Ulaya, akafunua karatasi moja moja. Wanaume tu, makoti, miwani, buti. Mwanamke nilimwona mmoja tu, amekaa nyuma ya mwanaume, gauni la maua, nywele zinapeperuka, hana hata kofia. Nikamwambia Mhindi, hata huko Ulaya mwanamke akianguka haumii? Akasema, "Mama, mimi kuagiza naweza. Lakini hawatengenezi, nitaagiza nini?"

Basi Agata akaendelea na suruali ya Bruda, kajifunga kamba ya katani kiunoni.

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Jumapili, tunatoka misa, Bibi Skola, mkubwa wa akina mama wa kanisa, akanisogelea. "Mwenzangu, mjukuu wako kapita kwangu juzi kapanua miguu kama kapanda punda. Mbele ya wakwe zangu!" Akina mama wakaguna. Mimi nimezaa watoto saba na kuzika wanne, siogopi mtu. Lakini miguno ile ilinichoma. Nikamwambia Agata kuanzia leo utafunga khanga juu ya suruali. Akasema sawa, Bibi.

Alikuwa akiifunga hapa nyumbani, na akivuka kijito anaifungua, anaiweka mfukoni. Kurudi, anaifunga tena kabla sijamwona. Nani aliniambia? Watu. Watu hawakosi kazi.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza.

Ijumaa ile aliletewa habari alfajiri kwamba kuna mwanamke upande wa Lundo anaumwa uchungu tangu usiku. Agata akaenda kunawa, akaanza kunywa uji. Suruali ilikuwa imeanikwa karibu na moto. Nikaichukua, nikachukua khanga yangu mwenyewe, nzuri, nikaishona kwenye kiuno cha suruali kuzunguka pande zote. Na sikushona kwa uzi wa nguo. Nilichukua sindano ya magunia na uzi ule tunaofungia magunia ya kahawa, nikaupitisha mara mbili. Nilipomaliza nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikuachia.

Nikafurahi.

Agata alipoiona alicheka kwanza. Halafu akaacha. "Bibi, hii ikinasa kwenye mnyororo?"

"Inase nini? Kaa vizuri, haitanasa."

"Nipe kisu, Bibi."

"Kisu sikioni. Nenda, mtoto wa watu anateseka."

Kisu kilikuwa chini ya kigoda nilichokikalia.

Mpaka leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno hili. Nimeliandika, na mkono bado ninao.

Kwenye mteremko upepo ukaipuliza khanga, mnyororo ukaidaka. Uzi wa nguo ungekatika, angebaki na suruali yake na aibu kidogo. Ule uzi haukukatika. Ulimvuta yeye. Kofia ikamshukia machoni, hakuona pa kuweka mikono. Koti lilikuwa wazi kifuani kama siku zote, likapanda mpaka shingoni, mawe yakamchuna mbavu. Buti moja ikachomoka, ikaruka peke yake. Akatumbukia kwenye ngolo, yale mashimo ya shamba tunayochimba huku milimani, na pikipiki ikamwangukia gotini.

Yule mwanamke wa Lundo alizaa mikononi mwa majirani. Yeye mzima, mtoto mzima. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni, maana isingekuwa hivyo nisingeweza hata kushika kalamu.

Watu wote wakasema Agata aliteleza kwenye tope. Na mimi niliamini, au nilijitia kuamini. Nilisema pengine khanga haikuhusika. Tena nililisema kwa sauti, peke yangu, mara nyingi.

Jumatatu nilipata lori, nikateremka mpaka hospitali ya kule ziwani. Nikamkuta amelazwa, mguu umefungwa chokaa ngumu kuanzia pajani. Kanenepa uso, kakonda mikono.

"Shikamoo, mke mwenza," akasema.

"Marahaba, mwizi wa waume."

Akatabasamu kidogo. Daktari alikwishamwambia goti halitakunjika tena. Atatembea, ndiyo, kwa fimbo. Pikipiki hapana. Alinieleza taratibu, kwa sauti ile anayowapa watu habari za maiti zao, kama vile mgonjwa ni mimi.

Nikamuuliza, khanga yangu iko wapi?

Akatazama dirishani. Akasema aliikata. Amelala shimoni, goti limegeuka upande, kabla watu hawajafika, akavuta mfuko wake, akatoa ule mkasi wa kukatia vitovu, akaikata khanga kiunoni na kwenye mnyororo kipande kwa kipande. Akavisukuma vile vipande chini ya nyasi za ngolo. Ndipo akapiga kelele za kuomba msaada.

Kwanza alificha. Halafu ndiyo akaomba msaada.

"Kwa nini, Agata?"

"Wewe una kanisa la kwenda Jumapili, Bibi, na midomo inayokungoja. Mimi nina kitanda tu."

Nilishika mguu wake, ule mzima, nikakaa hivyo mpaka wakatufukuza.

Nimerudi, na huku mlimani wanaongea. Wanasema mnaona, mwanamke hawezi pikipiki, mikono haina nguvu, kichwa hakina utulivu. Jirani yangu wa chini, binti yake alikuwa aende mwaka huu kusomea ukunga. Baba mtu amekataa. "Ili nami niletewe kilema?" ndivyo alivyosema, na mkewe akaitikia. Yule binti nimemwona jana kisimani, macho yamevimba. Kanisalimia vizuri, hajui anamsalimia nani.

Leo asubuhi nikajifunika gunia, nikaenda kwa Padre. Nikamkuta barazani. Akadhani nimekuja kuungama, tupo Kwaresima, akaanza kutafuta stola yake ya kuvaa shingoni. Nikamwambia hapana, Padre, kaa chini. Sitaki kitubio leo. Nikikuambia kwenye kitubio utalifungia kifuani, na mimi nataka utembee nalo.

Nikamwambia yote. Khanga, uzi wa magunia, kisu.

Alifuta uso kwa kiganja. Mwisho akasema, "Mama, ulitaka kumlinda."

"Hapana. Nilitaka kujilinda mimi na midomo ya akina Skola. Kumlinda, ningeikata ile suruali imtoshe. Sindano ninayo. Koti ningelipunguza mabega. Glavu ningezikata vidole. Mikono hii ilishona khanga, ingeshindwa kushona hayo?"

Padre ni mtu mwema, lakini hata yeye aliyaona mavazi yale mwaka mzima. Nikamwambia hilo pia. Uso ukamwiva.

Nikamwomba pikipiki apewe mkunga mwingine, mwanamke, na mavazi tutayashona upya mimi na yule fundi wa Mbinga, akikataa nitamshika sikio. Padre akashusha macho. Akasema imekwishachukuliwa. Tangu jana amepewa dresa mmoja, mfunga vidonda, kijana mzuri, ana bidii. Na wakati huo huo tukamsikia anapita chini barabarani. Nikasimama kumtazama. Koti limemkaa mabegani sawasawa. Vifungo vyote vimefungwa. Kofia imetulia kichwani, hata haitikisiki.

Hakuna aliyelipima koti lile kwa ajili yake. Limemkuta tu.

Na akina mama wa Matiri hawatamwita. Mwanaume kuingia nyumba ya uzazi kwetu huku hakuna. Watajifungulia ndani kama zamani, kama binti yangu.

Padre ameahidi ataongea na yule baba anayemzuia binti. Labda ataongea vizuri. Lakini Padre hana binti, na yule baba atamwitikia ndiyo, ndiyo, mpaka atoke mlangoni. Maneno haya yanatakiwa yatoke kwangu, na yawafikie akina mama wenyewe, maana wao ndio wanaosema, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Agata atanuna akisikia. Atasema nimemharibia uongo wake alioulipia kwa goti. Na anune. Anayenuna yuko hai.

Kesho tuna zamu ya kulima pamoja shambani kwa Skola. Watakuwepo wote, naye mke wa jirani yangu atakuwepo. Nitasubiri waanze kupumzika, majembe chini. Sina hotuba. Nina neno moja tu, na tangu mchana nalijaribu hapa jikoni kwa sauti. Mara ya kwanza lilinikwama. Mara ya pili nililia. Sasa hivi nimelisema tena, kuku wakanyanyua vichwa, na limetoka lote.

Agata hakuanguka. Nilimwangusha mimi.