Nimezeeshwa Huku Ujerumani

Mdogo wangu Zainabu,

Pokea salamu zangu, na kama huzitaki, ziache mlangoni, watu wa Kilelengwani watazigawana. Goti lako linaendeleaje? Mto umerudi mahali pake ama bado uko shambani? Mimi ni mzima, sina homa wala kikohozi. Naandika kwa mkono wangu huu wa ngumbaru, maana sitaki mtu anisaidie kukugombeza.

Unajua mwanangu Jilo alinileta huku nipumzike. Mkewe anafundisha chuoni saikolojia ya uzee. Hana mvi hata moja, lakini uzee wangu anaujua kuliko mimi! Aliniambia kuna wataalamu wanaosema mtu akizeeka hujitenga mwenyewe na watu, na watu nao humwachilia, ndiyo heri kwa wote. Basi wajukuu wakakatazwa kunisumbua, chakula kikawa kinaletwa chumbani. Nikinyamaza, anamwambia mumewe, "Unaona? Ameanza kujitenga." Nijitenge na nani, jamani, na pazia?

Nikagoma kula. Akageuza maneno: kuna wengine wanaosema mzee asiye na shughuli huisha haraka. Nikafurahi, nikauliza jembe liko wapi. Akaniletea bakuli la vifungo vya nguo nivichambue, vyekundu huku, vya kijani kule. Nikimaliza ananipigia makofi, kisha anavichanganya tena mbele ya macho yangu. Mimi, Zainabu, niliyeamia ndege wa mpunga juu ya dungu, jukwaa letu la miti kule shambani, tangu utotoni! Nililia kwa hasira.

Wa tatu ndio niliowapenda. Hao wanasema mtu huzeeka vile alivyoishi. Ukimtoa katika mazoea yake umemuua nusu. Nikawaunga mkono. Njiwa walipotua barazani nilipanda kiti, nikapiga ukelele wetu wa dunguni, nikawarushia vifungo vyote kwa kombeo la soksi. Weee! Siku hiyo nilikula sahani mbili. Jirani akaita polisi.

Ndipo Jilo alipokupigia kuuliza kama utanipokea nikirudi. Hukujua simu ilikuwa kwa spika na mimi nimekaa pale pale. Ukasema, "Dada si ameshazeeka? Atafanya nini huku? Dungu lake nalikalia mimi. Abaki huko apumzike." Haya, Jumatatu wananipeleka nyumba ya wazee. Nimekuzidi mwaka mmoja tu, Zainabu, na umenizika ukiwa umekaa juu ya dungu langu. Roho yako ni mbaya, na nimeumia.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, nilimsikia akicheka nyuma yako. Msalimie yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, yeye peke yake aliuliza narudi lini.

Na mwanao Buya umsalimie sana. Amemwambia Jilo kwamba goti lako halifai tena kupanda ngazi ya dungu, na chumba chako huko kwake Garsen kiko tayari, na kiti kizuri kinachotazama ukuta. Atakuja na pikipiki, atakushika mkono kwa upole, atakwambia maneno yako yale yale: mama, umeshazeeka, njoo upumzike.

Nimekukasirikia sana. Lakini tulinyonya ziwa moja, kwa hiyo nakuomba: akija, usishuke.

Dada yako,
Maimuna