Tuta la kaka

Shoga, hebu sikia haya.

Lile tuta la maua nililomtengenezea marehemu kaka kwenye eneo la wazi, pale alipoanguka na baiskeli? Wale wanaochimba njia mpya za baiskeli wamelishindilia. Maua yote yako chini ya udongo!

Nikamwambia msimamizi wao, "Hili tuta ni la kaka yangu."

Akacheka. "Mwambie ana mkono mzuri, dada. Limekaa vizuri kabisa kwa kurukia na baiskeli."

Kwa kurukia! Unasikia?

Nikamwambia, "Kaka alifia hapahapa, akiruka."

Akavua kofia. "Pole, dada. Basi tulibomoe?"

Pole yake nimemwachia. Nilichukua koleo lake, nikalibomoa mwenyewe.