Risasi Mia Mbili za Kwanza

Al Wukair, Doha
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Kwa ndugu yangu Collins,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Terry na watoto, na Mama yetu na goti lake. Mimi ni mzima, ila sukari yangu inapanda na kushuka, na joto la huku limelegea tangu Oktoba, kwa hiyo tunapumua. Hizo ndizo salamu. Nimezitanguliza kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa, si kwa sababu niko radhi nawe. Umenikasirisha, Collins, na ukifika mwisho wa barua hii mimi nitakuwa nimekukasirisha zaidi. Kwa hiyo tafuta kiti.

Anayekuletea ni Bella, msichana anayefanya kazi hotelini, tunayesali naye kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, anakuja huko likizo. Nimemwagiza akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Simu zangu huzipokei, na ujumbe mrefu unausoma nusu. Karatasi huwezi kuizima.

Mwezi uliopita uliniandikia bila hata kunijulia hali. Ulisema umenunua bastola ndogo ya kuvaa chini ya koti, kwa leseni, na kwamba inakwama kila risasi ya pili. Ukaongeza kwamba nilikuwa fundi wa silaha wa polisi kwa miaka ishirini na sita, basi nifae kitu kwa mara ya kwanza. Ya nini, hukusema. Terry ndiye aliyeniambia. Anasema unaivaa hata ukipeleka maziwa, na kwamba mezani, watoto wakisikia, ulisema Harun atashuka ndege tarehe nne Desemba lakini Krismasi hataiona.

Harun ndiye askari aliyekuwa zamu na kaka yetu Cyrus Jumamosi ile, miaka tisa iliyopita, alipouawa mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi. Harun alikimbia. Hivyo ndivyo nyumba nzima inavyojua, hivyo ndivyo jopo la uchunguzi lilivyoandika, na hivyo ndivyo ulivyojijaza chuki hadi ukaomba leseni ukisema ni kwa ajili ya wezi wa ng'ombe.

Acha kwanza nikujibu swali lako. Swali la ufundi sijawahi kuliacha bila jibu, hata likiulizwa na mpumbavu.

Bastola ndogo si bastola kubwa iliyokatwa. Ni fupi, kwa hiyo springi yake ni fupi na ngumu, na ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na kwenda mbele, tunayoiita slaidi, ina nafasi ndogo mno ya kufanya kazi yake. Ikiwa mpya, vyuma vyake havijazoeana. Tena huja imepakwa grisi nzito ya kiwandani, ambayo ni ya kuzuia kutu ghalani, si ya kazi. Mwenye akili huanza kwa kuhakikisha kwamba haina risasi, kwa jicho na kwa kidole, kisha huifungua, huifuta grisi yote hadi kwenye mifereji ambamo slaidi huteleza, na kutia mafuta mepesi pale tu chuma kinapokisugua chuma. Tone, Collins. Ukimimina kama unayekaanga chapati, mafuta yatakamata vumbi na nyuzi za nguo, na siku moja yatakuwa gundi.

Halafu unakwenda uwanja wa shabaha, na unapiga risasi mia mbili. Si kwa siku moja, wala si kwa hasira. Kila magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, unaiandika namba, ili ikikwama ujue kama kosa ni la magazini au ni la bastola. Unashika kwa kifundo cha mkono kilichokaza, kwa sababu ndogo hizi zikishikwa kilegevu slaidi hairudi hadi mwisho. Hamsini za mwisho ziwe za aina ileile utakayotembea nayo. Zikipita zote bila kukwama, hapo ndipo unaweza kuanza kuiamini. Ikikwama hata mara moja, unaanza kuhesabu upya.

Na baada ya hapo hujamaliza. Silaha inayofichwa mwilini huchafuka bila kupigwa. Jasho huipata, na vumbi la pamba la mfukoni huingia mpaka kwenye mtutu. Kwa hiyo inakaa ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, mahali pamoja siku zote, na kila wiki inafunguliwa, inafutwa na kutazamwa springi zake. Asiye na subira ya kazi hiyo asivae bastola, avae mkanda.

Wewe umepiga risasi ngapi? Terry anasema kumi na moja, machimboni, ukilenga mtungi wa plastiki, na mtungi uko mzima. Grisi hujaifuta, maana anasema shati lako lina doa la manjano kiunoni ambalo sabuni haitoi. Usidhani nimekueleza haya yote ili ikufanyie kazi. Nimekueleza kwa sababu bila ufundi huu hutaelewa ninachotaka kukuambia.

Unajua kwamba hapa Doha nafundisha walinzi na kuwapangia zamu. Walinzi wa huku hawabebi bunduki, wanabeba redio na tochi, na mimi nawafundisha redio na tochi kwa bidii ileile. Miaka miwili iliyopita niliingia darasani nikamkuta Harun amekaa mstari wa pili, nywele zimejaa mvi, daftari liko wazi. Hatukusalimiana. Nilieleza redio kwa saa nzima, betri yake na masafa yake. Mwishoni nikauliza kama kuna swali. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo redio umeijaribu mwenyewe, au umeitilia sahihi tu?"

Vijana wa Uganda waliokaa nyuma walicheka, wakadhani ni mzaha. Mimi nilihisi shati limenigandia mgongoni, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

Wiki ileile nilimpanga lindo ambalo kila mtu hulikwepa, geti la nyuma la nyumba zinazojengwa hapa Al Wukair, kibanda cha mabati, vumbi tupu. Kila mara orodha ya zamu ilipobadilishwa, jina lake nililiacha palepale. Hakulalamika hata mara moja, na kutolalamika kwake kulinichoma kuliko matusi. Ijumaa alikuwa akija ibada ya Kiswahili na kukaa mabenchi mawili nyuma yangu. Wakati wa kupeana mkono wa amani alikuwa akiniruka kama mtu anayeruka dimbwi. Proscovia, mama mmoja wa Uganda anayeongoza kwaya, alituambia sote wawili mbele ya watu kwamba tunachukiana kwa uaminifu kuliko watu wengine walivyooana, na kwamba angalau tuoane tupate kutalikiana. Watu walicheka. Harun alitabasamu. Mimi sikuweza.

Septemba ilikuja fomu ya kuuliza kama mkataba wake uongezwe. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika kwamba hafai. Kwa hiyo, ndugu yangu, anayemrudisha Harun nyumbani tarehe nne Desemba ni mimi. Terry aliponipigia simu mwezi uliofuata akilia kuhusu bastola yako, nilikuwa nimekwisha kumkatia mtu tiketi ya kuja kwenye mtutu wako.

Nilikwenda getini kwake alasiri ya siku ileile. Nilimwambia asirudi nyumbani, atafute kazi ya udereva, nitamwandikia barua nzuri. Nikamwambia kuhusu wewe. Alinisikiliza huku akimfungulia mtu wa lori la maji, akaandika namba ya lori, akafunga geti, ndipo akanijibu.

"Nitaenda. Watu wa kwenu wameniita mwoga miaka tisa. Nikikimbia sasa, itakuwa kweli."

Kisha akanieleza Jumamosi ile, kama alivyolieleza jopo, bila kuongeza wala kupunguza neno. Yeye alikuwa dereva, hakupewa silaha siku hiyo. Cyrus alikuwa amevaa kiraia, bastola ndogo chini ya shati. Walipokutana na majambazi waliokuwa wakiwafuatilia, mlangoni pa duka, Cyrus alipiga risasi moja. Ya pili haikutoka. Slaidi ilisimama njiani, Cyrus akawa anaigonga kwa kiganja huku anarudi kinyumenyume, akamwambia Harun akimbie kwenye gari aite wenzao kwa redio. Harun alikimbia kwa sababu aliambiwa na mkubwa wake akimbie. Aliita. Aliporudi, Cyrus alikuwa amelala.

Jopo halikumwamini, kwa sababu daftari la silaha lilikuwa mezani, na daftari lilisema kwamba bastola hiyo ilisafishwa na kupigwa risasi mia mbili bila kukwama hata mara moja. Chini yake palikuwa na sahihi. Harun akaonekana mwongo anayeisingizia silaha nzima ili afiche miguu yake. Akafukuzwa kazi.

Sahihi ile ilikuwa yangu. Sasa tulia unisikilize.

Bastola ile ililetwa kwenye ghala langu la silaha Alhamisi, siku mbili kabla, ikiwa bado kwenye boksi. Cyrus alikuwa anaihitaji jioni ileile kwa kazi yake ya siri. Mchana nilikuwa na darasa la askari wapya kumi na wanne. Nikaona nifanye kazi mbili kwa pamoja, niitumie hiyohiyo kuwaonyesha. Niliifungua juu ya meza, nikaieleza. Haya yote niliyokuandikia juu, niliwaeleza wao kwanza, nikiwa nimeishika: grisi ya kiwandani, springi ngumu, risasi mia mbili, namba kwenye magazini. Nilianza saa nane, nikamaliza saa kumi na moja. Waliuliza maswali mazuri na mimi nilifurahi. Unanijua. Nikianza kueleza, jua hutua nikiwa bado kwenye utangulizi. Niliporudisha vyuma pamoja, uwanja wa shabaha ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeifuta kwa nje tu, ing'ae mbele ya wanafunzi.

Cyrus alikuwa amesimama mlangoni, ametegemea kizingiti, ananicheka kwa hotuba yangu.

"Kaka, iko tayari?"

Nilimwambia iko tayari. Nikajaza daftari palepale, mia mbili, hakuna iliyokwama, nikatia sahihi. Niliwaza kwamba Jumatatu nitaichukua niipige mwenyewe, na askari kumi na wanne walikuwa wameniona kwa macho yao nikiishughulikia saa tatu nzima. Nani angeuliza? Mimi mwenyewe, nilipotoka ghalani, nilihisi kama mtu aliyeimaliza kazi.

Bado kuna moja. Baada ya mazishi, kabla mtaalamu wa jopo hajafika, bastola ililetwa kwangu ihifadhiwe. Niliifungua. Grisi ya manjano ilikuwa imejaa mferejini kama siku ilipotoka kiwandani, na risasi ya pili ilikuwa imekwama kimshazari. Niliitoa risasi. Nilifuta grisi. Niliisugua bastola ile vizuri kuliko silaha yoyote niliyowahi kuisugua maishani mwangu, nikitumia kitambaa nilichofutia machozi kaburini. Mtaalamu alipokuja aliipiga mara ishirini, na ikapiga zote. Kisha nikasimama mbele ya jopo nikawaeleza, kwa utulivu na kwa mifano, kwa nini silaha iliyopimwa namna ile haiwezi kukwama. Harun alikuwa ananitazama. Alijua, na hakuwa na namna ya kulithibitisha.

Kwa hiyo usinitukanie Harun tena. Mimi nimemtukana kwa miaka tisa ili nisisikie hatia yangu, na miwili ya mwisho nimemweka juani kwa mikono yangu. Wewe ulirithi chuki hiyo kutoka kwangu, ukaenda kuinunulia bastola.

Nimewaandikia wakuu wa jopo kila kitu, na nakala nimempa Bella ampelekee shemeji Carolyne, maana mjane wa Cyrus ana haki ya kujua kabla ya majirani. Nimeacha kazi hapa. Tarehe nne nitakuwa ndege moja na Harun. Hakupenda niliponunua kiti, alisema hataki kubebwa na mimi, nikamwambia simbebi, nakwenda kwetu. Tutatoka mlango mmoja wa abiria. Mimi nitatembea mbele, nimevaa lile koti la kijivu ulilonipa.

Kesho asubuhi itoe magazini, hakikisha chumba cha risasi ni kitupu kwa jicho na kwa kidole, uipeleke kituoni uwakabidhi polisi. Ukiamua kuja nayo uwanja wa ndege, basi njoo ukijua unayemtafuta ni nani, na usimpite mtu wa mbele ukamfuata wa nyuma.

Nisalimie Terry, umwambie alifanya vizuri kunipigia simu, na usimguse kwa hilo. Wasalimie watoto. Mama usimsomee barua hii. Nitamwambia mwenyewe, nimepiga magoti mahali anapoweza kunifikia kwa fimbo yake. Wasalimie majirani, watakaokubali salamu zangu.

Nimeisoma barua hii yote, neno kwa neno, mara mbili, kabla ya kutia sahihi.

Ni mimi kaka yako,

Arnold Mwangi