Saa Moja na Nusu Kutoka Dar

Kaka Masanja,

Shikamoo yangu leo huipati. Naandika wazi, wasome na majirani wa hapa Kagongwa, maana wao ndio uliowapigia simu ukawaambia ndege zilikuchelewesha kumzika mama.

Unakumbuka siku tuliyokusindikiza uwanja wa ndege wa Mwanza? Ulikuwa umejifunza kuendesha mashine ya kuchoronga miamba kule Geita, ukapata kazi Perth, Australia. Mama akauliza huko ni mbali kiasi gani. Ukacheka, ukamshika mkono, ukamhesabia vidole vyake. "Mwanza hadi Dar, saa moja na nusu. Dar hadi Doha, saa sita. Doha hadi Perth, saa kumi na moja. Mayu, ukiniita leo, keshokutwa niko mlangoni."

Mama aliamini. Na mimi niliamini, mjinga mie.

Basi akakuita. Figo zilipogoma, akiwa amelazwa Kahama, nilikupigia. "Nakata tiketi leo leo," ulisema. Kesho yake ukapiga mwenyewe: "Niko uwanjani, mwambie Mayu nakuja." Nikamwambia. Akaomba nimsuke, mwanawe asije akamkuta kichwa timutimu.

Kisha simu yako ikazimwa.

Kila alipozinduka aliuliza, "Ndege imefika wapi?" Nikawa rubani wako, Masanja. Nikakurusha juu ya bahari, nikakushusha Doha. Siku ya pili bado uko Doha, nikasingizia ukungu. Siku ya tatu mama akanitazama. "Sikolastika," akasema, "hiyo Doha ina matope, ndege ikwame siku zote hizi?" Hakuuliza tena. Alikufa siku ya nne, uso kaugeuzia mlangoni.

Kwenye msiba ndipo binamu yetu Salome, aliyetoka Dar na hakujua lolote, aliponionyesha picha za harusi ya rafiki yako huko Dar. Wewe hapo katikati, suti ya bluu, unacheza. Ilikuwa siku ile ile mimi nilipokuwa nakusingizia ukungu. "Nilidhani anasubiri kuunganisha ndege ya Mwanza," Salome akasema.

Kumbe ulikuwa umeshavuka kilomita elfu kumi na tatu. Kilichokushinda ni saa moja na nusu.

Nilipokubana kwa simu ukasema, "Niliogopa kumwona vile." Mimi je, niliyemgeuza kitandani na kumfulia shuka? Niliogopa kila siku. Niliogopa nikiwa pale pale.

Lakini hilo ningelimeza. Lisilopita kooni ni hili: siku za mwisho za mama, ambazo ningezungumza naye mambo yetu, nilizitumia kumdanganya kwa ajili yako. Na naamini alijua. Alinyamaza ili nisiaibike.

Sasa nasikia Desemba unakuja kumjengea kaburi la marumaru. Njoo, sikuzuii, ni mama yako. Kaburi liko shambani kwa baba. Pale stendi dereva yeyote wa bodaboda atakufikisha kwa dakika kumi. Kaa naye utakavyo, mweleze mwenyewe.

Kwangu usibishe hodi.

Mdogo wako kwa damu, na si zaidi ya hapo,
Sikolastika