Kwa Nini Ekiru Hakuwahi Kwenda Likizo

Kakuma, Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Natumai barua hii itakukuta umeshakunywa chai na mguu umeacha kukusumbua. Mama ameniambia ile dawa ya kupaka unaipaka ukikumbuka tu, na usipokumbuka unamlaumu yeye. Paka, Baba, asubuhi na jioni. Mimi ni mzima, ila joto la huku limenikondesha, na ukiniona leo utamwambia Mama nimegoma kula.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu wewe huigiza, Baba. Nikianza kusema jambo la maana unaingiza sauti ya Ekiru, nacheka, halafu mtandao unakatika kabla sijafikia nililotaka kusema. Leo sitaki kucheka. Nina aibu, na aibu yenyewe inakuhusu na wewe, kwa hivyo nimeona niiweke kwenye karatasi nimpe mwalimu mwenzangu anayesafiri Kitale, aitume kwa basi hadi Webuye.

Kwanza habari. Shule tumefungua, na darasa langu limejaa mpaka wengine wanaandikia magotini. Nina Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi, Wasomali na Waturkana wachache, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Wiki iliyopita laga, ule mto wa mchanga mtupu, lilijaa ghafla, ingawa mvua yenyewe sisi hatukuiona, barabara ya Lodwar ikafungwa na sukuma wiki ikapotea sokoni. Tumekula maharagwe mpaka tukaogopana. Lakini silalamiki, kazi ninayo.

Sasa lile jambo. Uliponipigia kuniambia wanataka kurudisha "Geti la Bluu" kwenye televisheni, ulisahau hata kuigiza. Tangu kipindi kisimame umekuwa mtu wa kukaa verandani na redio, na Mama aliniambia siku hiyo ulinyoa ndevu, ukatafuta shati la mikono mirefu, ukatembea mpaka stendi kuwatangazia watu. Miaka yote ile ulikuwa Ekiru, keateka Mturkana, mtunza geti wa ploti ya Nairobi, anayekimbia kwa hofu bomba likifunguliwa na kubwata kwa lugha yake mwenyewe wapangaji wakikataa kulipa. Ulinisomesha kwa Ekiru. Kwa hivyo uliponiomba nikutafutie ekicholong ya kweli, ile stuli ndogo ya mti ambayo mzee wa huku huikalia mchana na kuilalia kichwa usiku, pamoja na maneno mawili matatu ya Kiturkana "ili safari hii tusidanganye sana", nilisema ndiyo bila kufikiri.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba wangu, Mzee Lokuruka. Huyu alikuwa mpakiaji wa mizigo Lodwar kabla hajajenga vyumba vyake vya kupangisha hapa Kakuma mjini. Nikamwambia baba yangu ni mwigizaji, kwamba yeye ndiye aliyekuwa Ekiru wa "Geti la Bluu", na sasa anaitwa tena kazini na anahitaji ekicholong. Mzee alisimama wima.

"Ekiru? Ekiru ile ya televisheni? Wewe ni mtoto ya Ekiru na unalipa mimi nyumba kama mtu ya nje?"

Akamwita mkewe, Mama Akai, akaja mbio na unga mikononi. Basi wakaanza kubishana. Mzee alisema Ekiru ni mtu wa Lokori, yeye aliling'amua hilo zamani kwa vile anavyoongea. Mama Akai akasema wapi, watu wa Kataboi ndio huongea haraka haraka hivyo, yeye ana shemeji huko. Baba, walikuwa wanabishania yale maneno uliyokuwa ukiyabuni kwenye basi ukienda studio! Kila mmoja alidhani haelewi kwa sababu ni ya upande mwingine wa Turkana.

Wakanigeukia. "Sema wewe. Kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwetu ni Webuye na sisi ni Wabukusu. Nilicheka tu, nikasema Baba hapendi kuzungumzia mambo ya nyumbani. Sijui ulimi wangu ulitoa wapi maneno hayo.

Tangu siku hiyo nikawa binti wa Ekiru. Samaki mkavu akiletwa kutoka Longech, changu kinatengwa. Maji yakija, mtungi wangu unajazwa wa kwanza. Akina mama nisiowajua wananisimamisha sokoni, "Ejok, mtoto ya Ekiru!" na mkono wangu hawauachi. Hata Espérance, mwalimu mwenzangu kutoka Kongo, alisikia akanijia juu: "Ule papa wa geti ni papa yako wa kuzala? Na unanyamaza tu hivi!" Nikanyamaza kweli, nikala samaki wa watu. Uongo ule ulikuwa mtamu, Baba, na hilo ndilo linaloniuma.

Ekicholong sikuinunua. Mzee Lokuruka alinipa yake. Si ya akiba, yake mwenyewe, imekuwa nyeusi kwa miaka ya mikono na kichwa chake. Nilipomwambia nitatafuta ya duka, alikasirika. "Mtu yetu anarudi kazi, akalie kitu ya duka?" Akaniwekea mikononi kwa mikono yake yote miwili. Mama Akai alinieleza baadaye kwamba mwanamume hampi mtu kitu hicho hivi hivi, na yeye mkewe hajawahi kuikalia. Sasa mzee analalia koti lililokunjwa, na asubuhi namwona akiikanda shingo.

Jana waliniomba niwaonyeshe kipindi kimoja cha zamani kwenye simu. Majirani na watoto wao wakajaa uani. Kilikuwa kile cha bomba, unakijua: Ekiru anafungua, maji yanatoka, anaruka, anatupa stuli yake chini, anajificha nyuma ya mama mwenye ploti. Watoto walicheka. Wazee nao walicheka, sitakudanganya, wewe unachekesha. Lakini mimi nilikuwa nimeketi kando ya mitungi ya njano iliyokuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na bomba la uani lilikuwa kavu. Nikasikia uso wote unanichoma. Nilitamani simu izime.

Kilipokwisha, Mzee Lokuruka akauliza, tena kwa upole: "Lakini hawa watu ya Nairobi, kwa nini hawakupea Ekiru likizo?"

Nikamuuliza likizo gani.

"Miaka yote hiyo! Ule mama tunaona anaenda Murang'a Krismasi. Ule kijana anaenda Kisumu kuoa. Ekiru anabaki kwa geti. Sisi pale Lodwar, kwa ile hoteli ilikuwa na televisheni, kila Alhamisi tunasema leo ataenda nyumbani, leo tutaona mbuzi zake. Hatukuona. Halafu programu ikaisha tu. Tukasema huyu amefia huko. Pasta akamuombea."

Baba, kanisa zima lilimwombea Ekiru. Watu waliokuwa wakichekwa walikaa pale miaka na miaka wakimngoja mtu wao arudi nyumbani, na hakuna hata mmoja wenu pale studio aliyewahi kujiuliza kama ana nyumbani. Mimi pia sikujiuliza, na karo yangu ilitoka kwake. Sikuweza tena kujizuia. Nikasema mbele ya wote kwamba Ekiru hana kwao, kwamba baba yangu ni Mbukusu wa Webuye na yale maneno aliyatunga tu.

Mama Akai akawachukua watoto akaondoka nao bila kuniangalia. Mzee alibaki ameketi.

"Mbukusu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hajawahi kufika Turkana?"

"Hajawahi."

"Hata Lodwar hapa?"

"Hata Lodwar."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sasa sisi tulikuwa tunaombea nani?"

Nilikimbia chumbani nikaleta ekicholong, nikapiga magoti nikamrudishia. Hakuigusa. Alisema alimpa Ekiru, na kama Ekiru ni baba yangu basi ni ya baba yangu, lakini haitapakiwa kwenye basi kama gunia. Mwenyewe aje aichukue, waongee macho kwa macho, ajue anakalia kitu ya nani. Kwa hivyo iko hapa mezani kwangu. Yeye haichukui, na mimi siitumi.

Uliniuliza kama ni vizuri warudishe kipindi au wakiache kilale. Sikukatazi, Baba. Najua kazi ile ni uhai wako, na sitaki kuwa mtoto aliyekurudisha verandani. Lakini wakimrudisha yule Ekiru wa kukimbia bomba, mimi huku sitaweza kuinua uso, na nitaomba uhamisho. Kabla hujatia sahihi waambie Ekiru aende likizo. Waambie ana mke, ana mbuzi, ana watu wanaohesabu siku akichelewa. Wakikucheka, utajua wanamtaka Ekiru wa aina gani, na hapo uamuzi ni wako. Ila kabla hata ya hayo, panda gari uje huku. Safari ni ndefu na inachosha, sikufichi. Njoo tu.

Msalimie Mama, na umsomee barua yote bila kuruka mahali, maana nakujua. Msalimie bibi, kukhu wetu, umwambie kanga aliyonipa naifunga kichwani kuzuia vumbi. Senge, dada yako wa Kimilili, mwambie njugu zilifika zote na Espérance amezimaliza. Na yule mdogo wangu fundi wa pikipiki, aache kwanza kuwaambia wateja wake kwamba baba anarudi kwenye televisheni.

Mzee Lokuruka hajanifukuza. Leo asubuhi alinikuta mlangoni naandika, akauliza namwandikia nani, nikamwambia. Akasema nikupe salamu zake. Nikamuuliza salamu hizo nizipeleke kwa Ekiru au kwa baba yangu.

"Kwa ule atakuja," akasema.

Ni mimi binti yako, ninayekuonea aibu na kukupenda kwa pamoja,

Nafula