Maji Yasiyoisha Chumbani kwa Mama

Bitola,
11 Februari 1996.

Mpendwa mdogo wangu Ratka,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Hujambo? Mgongo wa mumeo Blagoja umepoa? Na mwanao Kire, bado analishwa kwa kubembelezwa? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, Ratka. Hata kushika kalamu naona kazi, kwa hiyo nivumilie.

Barua yako niliipata. Uliuliza, na kwa ukali, kwa nini kuta za Mama zimeota ukungu na mimi nipo. Iliniuma, sikufichi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Daktari amesema wazi kwamba kifua cha Mama hakitapona katika unyevu ule. Kuta zisipokauka kabla ya Pasaka, itabidi apelekwe makao ya wazee. Aliposikia hivyo, hakula siku mbili.

Na unamjua, dirisha halifunguliwi. Promaja! Kwake yeye, upepo wa dirishani hadi mlangoni ndio uliomwua Baba, wala si zile sigara. "Wewe na vitabu vyako," akaniambia. "Upepo haujui kusoma."

Basi nikakaa na ile kanuni ya gesi uliyokuwa ukiikimbia darasani. Shinikizo la mvuke mara ujazo wa chumba, ukagawa kwa joto na ile R, namba isiyobadilika. Hewa ya chumba chake, kwa nyuzi kumi na nane, inabeba gramu mia tano na hamsini za maji, basi. Ikishiba, nguo hazikauki tena na maji yanahamia ukutani. Hewa baridi ya nje ina maji kidogo, kwa hiyo kila ukifungua dirisha kwa dakika kumi unatoa karibu gramu mia nne. Nguo anazofua Mama Jumamosi zinabaki na lita moja na nusu hivi. Siku nne tu, zimekwisha.

Tukapatana. Kila siku nikitoka shule nilikuja kufungua, naye akakaa jikoni amejifunga skafu tatu, akinilaani polepole. Jumatano nilitarajia vioo vikavu, nikakuta vinatiririka. Alhamisi vilevile. Nikarudia hesabu mara tatu, nikidhani nimesahau kujumlisha 273 kwenye nyuzi za joto, kama wanafunzi wangu. Sikusahau. Lilibaki jambo moja tu, kwamba kuna maji mengine yanaingia chumbani, na bomba mle hakuna.

Ijumaa ya tarehe mbili nilikwenda asubuhi, kabla ya shule. Shuka mbili zilikuwa juu ya viti, zinachuruzika, na Mama amesimama mbele yake akizikinga kwa mwili. Hapo nikaelewa. Tangu kiangazi anajikojolea usingizini, na kila alfajiri anafua shuka kwa ile mikono yake yenye baridi yabisi, kisha anazificha kabla sijafika.

"Mama, kwa nini usianike roshani?"

"Todorka wa ng'ambo ya barabara anahesabu hata soksi zangu. Shuka kila siku, atasemaje?"

"Na promaja je?"

"Ni kisingizio. Promaja nani atabisha? Hata daktari wako anaiogopa."

Nililia, Ratka, kisha nikacheka, kisha nikachelewa shule. Miaka ishirini na sita ninafundisha, na sijawahi kutamani jibu liwe kosa kama nilivyotamani siku ile.

Sasa kila asubuhi nazichukua kwenye mfuko wa madaftari, naenda kuzianika kwangu. Vioo vyake ni vikavu tangu Jumatano. Ukungu nimeusugua kwa siki, na daktari atakuja kuziangalia kuta tarehe ishirini. Tuombe.

Nina ombi. Ukimpigia simu, juu ya shuka usitamke neno. Mwambie Velika mzembe, hafungui madirisha. Atanitetea, na itamchangamsha.

Msalimie Blagoja, mbusu Kire kwa niaba ya mama yake mkubwa aliyezeeka. Mungu awape afya huko kwenye jua lenu.

Jana jirani yangu Spaska alinisimamisha kwenye ngazi, akainamia sikio langu. "Velika, dada, zile shuka za kila siku... ni figo?"

Nikamwambia ndiyo, ni zangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa hoi,
Velika