Vidole Nyuma ya Bega Langu

Jumamosi, Oktoba. Karatu.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Niliamka na jambo moja kichwani. Sasa jua linaelekea kuzama na nimeshaliamua. Naliandika hapa nisije nikaligeuza.

Jana kocha wetu wa chuo alinitumia ujumbe. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki mbili, mwaka wangu wa tatu, wa mwisho. Ameuliza kitu kimoja tu: msimu huu nirudi kucheza kati, au nibaki pembeni? Kuna mdogo wetu mmoja kwenye timu anaitaka nafasi ya kati, na anaiweza. "Nijibu kabla ya Jumapili jioni, Elena. Ukishachagua, sikuhamishi tena."

Pembeni ni rahisi. Hilo nalikiri kwanza.

Mwaka wa kwanza nilifika chuoni nikijua kukimbia tu. Nikipata mpira nilikwenda nao mpaka uwanja uishe. Wenzangu walinicheka: "Elena, huo mpira unaupeleka malishoni?" Kocha aliniweka kiungo wa kati kwa sababu sichoki, siyo kwa sababu nilijua kuchezesha timu. Kila mechi nilipokonywa mpira kutoka nyuma. Aliyenipokonya nilimwona akiwa ameshaondoka nao.

Likizo nilimweleza Baba. Baba alikuwa dereva wa watalii, miaka mingi alipeleka wageni Ngorongoro. Mpira hakuwahi kucheza. Alinisikiliza huku anamung'unya pipi yake ya tangawizi, kisha akasema ugonjwa huo anaujua, hata madereva wapya wanao. Yeye, kabla ya kushuka kreta, alisimamisha gari kule juu ukingoni, akazima injini, akaangalia bonde lote kwa darubini, taratibu, hata wageni wakinung'unika.

"Ukishashuka," aliniambia, "unaona kilicho mbele ya boneti tu."

Tukaanza siku ileile. Mimi nilipiga mpira kwenye ukuta wa stoo. Yeye alisimama nyuma yangu, karibu na simtanki la maji, na sweta lake la kijani, ameinua vidole. Kabla mpira haujanirudia nilitakiwa nigeuze kichwa, nione, nimtajie. Ngapi? Mbili. Ngapi? Nne. Kidole chake kimoja kilipinda, kiliwahi kubanwa na jeki, kwa hiyo tatu yake ilionekana kama mbili na nusu. Niliizoea.

Mwaka wa pili nilirudi nikiwa mchezaji mwingine. Nilijua nani yuko nyuma yangu kabla mpira haujafika, nikajua na pa kuupeleka. Wenzangu wakaanza kunipa mpira hata nikiwa nimezungukwa. Kwa mara ya kwanza nilihisi timu nzima inapita kwangu, na sikuogopa.

Baba akitoka kushusha wageni uwanja wa ndege, alipitia uwanjani kwetu, gari limejaa vumbi, akasimama kwenye kona, vidole juu kama kule nyumbani. Mashabiki wa timu pinzani walimpigia kelele, "Mzee, machungwa mangapi hayo?" Akawajibu, "Matatu, na yote ni yenu!" Tulifunga mawili. Alisema hilo moja amewasamehe.

Mwezi wa pili mwaka huu alifariki. Kifua. Siku tisa hospitalini, basi.

Mechi yangu ya kwanza baada ya mazishi, beki wetu alinipa pasi na mimi nikageuza kichwa kama nilivyofundishwa. Kwenye kona kulikuwa na mabegi yetu. Nikayaangalia mabegi. Mpira ukanipita, mtu wao akauchukua, akafunga.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo sikugeuka tena. Nikawa nautazama mpira tu, na kila mtu akanipokonya kama mwaka wa kwanza. Kocha kwa huruma akanihamishia winga ya kushoto. Pale mstari uko mgongoni kwako, hakuna anayetokea nyuma, huhitaji kugeuka. Watu walisema nimeimarika. Mimi nilijua nimejificha. Nyumbani sikusema kitu. Mama akiuliza mpira unaendaje, nilijibu unaenda.

Leo mchana nilitoka na mpira wangu, peke yangu, nikasimama mbele ya ukuta wa stoo. Nilitaka kujua kama bado naweza. Nikapiga. Nikajilazimisha kugeuza kichwa.

Karibu na simtanki palikuwa na sweta la kijani.

Mpira ulinipita, ukaenda kugonga ndoo, maji yote yakamwagika. Alikuwa Mama. Alitoka jikoni kuchota maji, na kwa sababu ya upepo alikuwa amelivaa.

"Na ndoo nayo imekukosea nini?" akauliza.

Nikaanza kulia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa nagawa chai. Mama aliigeuza ndoo, akaikalia, akaningoja. Nikamweleza yote: mabegi, lile goli, winga, na kwamba nimemdanganya miezi minane.

Alikung'uta vumbi kwenye mkono wa sweta. Halafu akasema, "Kwa hiyo shida ni kwamba ukigeuka hayupo."

"Ndiyo, Mama."

"Hata mimi nikigeuka hayupo. Lakini ugali unageuzwa." Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya, piga. Mpira siujui. Vidole ninavyo."

Nilikosea sita za mwanzo. Kila nikigeuka niliona sweta, kisha uso wake, na mpira ulikuwa umeshapita. Akakasirika kweli.

"Usinitazame usoni, huko nimezeeka. Tazama mkono!"

Nikatazama mkono. Vidole vya Mama vimenyooka vyote, vimepasuka kwa kupukuchua mahindi, na tatu yake ni tatu kamili. Mbili. Tano. Moja. Safari moja aliuchomoa mwiko kwenye kanga, akauinua pamoja na vidole, nikasema, "Mbili na mwiko!" Akacheka mpaka akashika simtanki. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa pili. Tuliendelea hadi maharage yakaanza kuungua, akakimbia jikoni huku ananilaumu mimi.

Nilibaki pale uani, mpira umenitulia mguuni.

Nadhani nilielewa vibaya. Nilifikiri Baba alinifundisha kumtafuta yeye. Yeye alikuwa ananifundisha kuona kilichopo. Hata kule ukingoni, siku ambazo bonde halikuwa na kitu cha kuonyesha wageni, aliangalia lote, kisha ndipo alipowasha gari na kushuka.

Nikaandika kwa kocha: "Kati."

Akajibu haraka: "Kati kuna watu nyuma yako, Elena. Una uhakika?"

"Najua. Nitawaangalia."

Sijapona. Yule mdogo wetu anaweza kunizidi, na akinizidi kwa haki nitampisha. Ila nitamlazimisha anizidi kwanza. Nina wiki mbili, ukuta wa stoo, na mama mmoja aliyesema kesho tukitoka kanisani tutaanza mapema, kabla hajabandika chungu.

Naijua na mechi ya kwanza itakavyokuwa. Beki atanipa pasi. Nitageuza kichwa kuelekea kwenye kona, nitayaona mabegi, na yataniuma.

Kisha nitamwona na yule anayekuja nyuma yangu.